Noeli ya Kijani

Nyumba nyingi hapa Bukoba zina lile ua jekundu la Noeli. Yangu inalo la kijani. Aina ni ileile, na kwa taarifa yenu sehemu kubwa ya wekundu mnaouona mtaani kwetu mwezi Desemba imezaliwa na hili la kwangu. Lakini ikifika tarehe 24, watu wakitundika riboni na kupanga foleni ya kunyoa, lenyewe limesimama barazani kijani kama mchicha, halina habari kwamba kuna mtu anazaliwa.

Wenye shule wanaliita poinsetia. Ni lile la kwenye kadi za zamani, majani mekundu yamejitandaza kileleni mwa shina na katikati kuna vitu vidogo vya njano. Naomba nianze kulalamika hapohapo kwenye wekundu, maana hata huo una utapeli ndani yake. Yale mekundu si maua. Ni majani yaliyobadilika rangi ili wadudu waone mlango uko wapi. Maua yenyewe ni vile vipele vya njano ambavyo sijawahi kuona mtu akivisifia. Yaani miaka yote hii tunagombana kuhusu majani.

Mke wangu alilinunua kwa wauza miche wa kando ya barabara, likiwa jekundu la kuumiza macho, chungu chake kimevishwa karatasi ya kumetameta. Muuzaji akamwambia, "Mama, hili halina usumbufu, maji tu." Hilo neno "maji tu" limeua mimea mingi katika mji huu. Bukoba inapata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Kumshauri mtu wa hapa aongeze maji ni uchokozi. Ua lenyewe halitaki kulowa miguu. Linataka udongo wa juu ukauke kwanza, uuguse kwa kidole, ndipo umwagie. Sasa niambieni, hapa kwetu mwezi Aprili kidole kinagusa kitu gani kilichokauka? Viatu vyangu vya kanisani vilivyo kabatini vimeota ukungu. Na ile karatasi ya kumetameta haina tundu hata moja, kwa hiyo maji yanatuama chini yanaozesha mizizi huku juu mnasifia mapambo.

Karatasi niliitupa. Ua nikalihamishia kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 iliyotobolewa chini, nikalichanganyia udongo wa kibandani kwangu, mchanga wa ziwani na samadi iliyooza vizuri. Likapona. Tena likanenepa, likatoa matawi kila upande, likawa na afya kuliko mwenye nyumba. Afya ile ndiyo iliyomleta mama mkwe barazani.

Alishuka kutoka Kamachumu mwezi wa saba. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za migomba na za mnyauko, akaliona.

"Mwanangu, hiki nacho ni nini?"

"Ni ua la Krismasi, mama."

Akalizunguka mikono ikiwa nyuma, akainama, akafunua matawi kwa ncha ya mwavuli. "Kinaumwa," akasema. "La kwangu limefika kwenye mabati. Hiki kimedumaa, kimetawanyika hovyo. Kina ugonjwa hiki."

Mkwe wa Kihaya habishani na mama mkwe. Nilisema, "Ndiyo, waitu," nikaenda kutafuta ushahidi wa kumkosoa kimyakimya, kwa faida yangu mwenyewe. Ushahidi nilioupata ulikuwa wa kwake. Huko California kulikuwa na familia ya akina Ecke wa Encinitas walioitawala biashara ya poinsetia kwa miaka mingi. Miche yao ilikuwa mifupi, minene, yenye vichwa vingi. Ya washindani wao ilirefuka na kutoa vichwa vichache. Siri ilikuwa kubebesha. Walikuwa wakibebesha aina mpya kwenye mche wenye matawi mengi, na tabia ile ya matawi ikahamia. Miaka ya 1990 mtafiti wa chuo kikuu akaichapisha mbinu hiyo, washindani wakafurahi, na mwaka 1997 wanasayansi wakathibitisha kinachohama ni nini: vijidudu jamii ya bakteria, viitwavyo fitoplazma. Kwa hiyo ule uzuri wa chunguni mnaoulipia ni maradhi. Mama mkwe aliyapima kwa ncha ya mwavuli, na ada yake ilikuwa chai na mkungu wa ndizi. Sijamwambia kwamba alikuwa sahihi. Anazo sababu za kutosha za kunitazama vile anavyonitazama.

Kwao ua hili ni Mexico. Waazteki waliliita cuetlaxochitl, jina ambalo sitalijaribu mbele ya watoto. Hili la poinsetia limetokana na Joel Poinsett, aliyepelekwa kuiwakilisha Marekani huko Mexico mwaka 1825. Badala ya kubaki na kazi za ubalozi akapenda maua ya watu, akatuma miche kwao South Carolina. Alifariki tarehe 12 Desemba 1851, na Wamarekani wameifanya tarehe hiyo kuwa siku ya ua hili, siku tatu baada ya sisi kumaliza gwaride la Uhuru. Fikirini mtu anakuja ugenini, anaondoka na vitawi vya wenyeji, halafu ua linaitwa kwa jina lake. Shemeji yangu wa Dar es Salaam amefika hatua hiyo. Bado jina tu.

Shida ya ua hili ni kwamba kuliotesha ni rahisi mno. Lingekuwa gumu ningelala kwa amani. Likishapukutisha majani unalifyeka, unaacha visiki vya sentimita 15 hivi, na vile ulivyokata ndivyo mbegu. Unachukua kitawi cha urefu wa kiganja chenye macho matatu manne, unakata chini kidogo ya jicho, unapunguza majani. Hapo utomvu mweupe unachuruzika. Unasuuza kwa maji, unaacha kidonda kikauke, unachomeka kwenye mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, kivulini, penye unyevu lakini pasipo tope. Wiki tatu au nne mizizi imetoka. Ule utomvu unawasha ngozi, msijifute nao machoni, na mtoto akilitafuna tumbo litamsumbua. Kusema linaua, kama shangazi yangu anavyotangaza kila akiona mjukuu barazani, ni uvumi ulioanzia Hawaii zaidi ya miaka 100 iliyopita, na ninashangaa ulipata nauli ya wapi kufika huku kwetu Kashai.

Basi watu wakishajua kwamba unafyeka, umekwisha. "Jirani, nikatie na mimi." "Mjomba, kipande kimoja tu, hata kile kibaya." Hakuna anayetaka kile kibaya, wanakuja na kisu chao. Yule wa upande wa bondeni alichukua kimoja akakichomeka nyuma ya choo, kati ya mgomba na kamba ya kuanikia, na tangu siku hiyo sijamwona akikimwagia hata maji ya kunawia. Mwalimu wa mtaa wa pili alichukua viwili. Shemeji alichukua fungu zima, akalitia kwenye chupa ya maji iliyokatwa shingo, akapanda nalo basi kilomita 1,400 hivi hadi Dar, likiwa mapajani, likimwagikia abiria wa pembeni kila kwenye tuta.

Yote yameiva rangi. La nyuma ya choo ni jekundu mpaka wapita njia wanasimama. Shemeji hutuma picha za la kwake kwenye kundi la familia, na chini yake anaandika, "Lenu vipi?" Anajua vipi.

Nimesoma kisa chote cha ua kugoma kuiva na ninaweza kukieleza hata usingizini, kama kungekuwa na usingizi. Ua hili linahesabu giza. Ndani ya jani kuna kemikali inayopima urefu wa usiku, na bila usiku wa karibu saa 12, mfululizo, kwa wiki nane au zaidi, majani ya juu hayabadiliki. Mwanga ukipenya katikati ya usiku, hata kwa muda, hesabu inavurugika. Kwa wenzetu wa Ulaya na Marekani hilo halina kazi, maana ikifika Oktoba usiku wao unarefuka wenyewe na Desemba ua linaiva. Ndiyo maana likawa la Noeli. Sisi tuko chini kidogo tu ya ikweta. Usiku wetu ni saa 12 kasoro dakika chache, Januari sawa na Juni. Ua linasimama mpakani mwaka mzima, halijui liende au libaki, na kinachoamua ni taa ya nani iko wapi. La kwangu liliwahi kuiva vizuri kabisa wakati wa Sabasaba. Nani anapamba nyumba kwa ajili ya Sabasaba?

Taa ya kwanza ni ya barazani kwangu. Kwenye kikao cha mtaa tulikubaliana kila nyumba iwashe taa ya nje usiku kucha kwa sababu ya vibaka, na anayezima anaulizwa ana mpango gani. Baraza nyingine sina. Ndani mke wangu hataki ndoo ya rangi karibu na makochi. Uani kuna mbuzi. Kwa hiyo ua linalala chini ya balbu, na mimi nimekuwa mtu pekee wa Bukoba anayeshukuru umeme ukikatika. Ukirudi saa nane usiku, mtaa mzima unashangilia, mimi nasonya.

Hapa kuna jambo linaloniuma zaidi. Kenya, Uganda na Ethiopia kuna mashamba makubwa yanayokuza vitawi vya poinsetia kwa ajili ya Ulaya. Vinakatwa, vinapandishwa ndege bila mizizi, vinaoteshwa huko na kuuzwa Desemba kama kitu cha theluji. Na hao wenye mashamba huwasha taa usiku juu ya miche mama, makusudi, ili isiive, ibaki kijani na kutoa vitawi tu. Yaani barazani kwangu, kwa viwango vya kimataifa, pana shamba mama la mfano. Mwanga upo, joto lipo, vitawi vinatoka kila msimu na wateja wanajaa. Kinachokosekana ni malipo.

Dawa ya kuliivisha nayo inajulikana. Kuanzia mwanzoni mwa Oktoba unalifunika kila siku saa 11 jioni, unalifunua saa 1 asubuhi, bila kukosa, mpaka rangi ishike. Kitambaa kiwe kizito na cheusi, kisipitishe mwanga. Hata boksi lingefaa, ila maboksi yote nyumbani yamelowa. Kitambaa cheusi kilichokuwepo kilikuwa kaniki ya marehemu bibi, pana, nzito, imara. Nikaanza nayo.

Mwezi wa kumi ni mwezi wa Rozari. Jumuiya yetu inazunguka nyumba kwa nyumba jioni, na zamu yangu ikafika. Wakaingia kwa wimbo, mwenyekiti mbele na mshumaa, wakakuta barazani kitu cha kimo cha mtoto wa miaka sita, kimesimama kimya pembeni ya mlango, kimefunikwa kaniki kuanzia kichwani hadi chini na kufungwa kamba kiunoni. Wimbo ulikatika. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Huyo nani?" Mama yake akamziba mdomo.

"Ni ua," nikasema.

"Tunaona," akajibu mwenyekiti, kwa ule upole wanaotumia kwa watu waliopotea.

"Linahitaji giza."

Hilo sijui kama lilisaidia. Siku hiyo tulisali Rozari nzima, na baada ya Rozari mwenyekiti akaongeza sala ambayo haikuwa kwenye ratiba, ndefu, ya kuvunja nguvu zote za giza ndani ya nyumba hii, na watu wakaitikia kuliko kawaida. Nguvu za giza ndizo nilizokuwa nazihitaji. Kumaliza, bibi mmoja akafungua kamba mwenyewe, akaivua kaniki, akamwagia ua maji ya baraka, na vijana wakaliangaza kwa tochi za simu kuhakikisha kwamba kweli ni ua. Waliangaza kwa muda mrefu. Mmoja alipiga picha kwa flashi.

Kesho yake mke wangu akaniambia kaniki irudi sandukuni au mimi nihamie huko ilikotoka. Akanipa shuka la zamani la hospitali, jeupe, ambalo mwanga unapita kama unavyotaka. Nalo nikalifunga hivyohivyo jioni. Sasa linatisha kwa namna nyingine.

Hata hivyo nilivumilia, na kufikia mwanzoni mwa Novemba majani matatu ya kileleni yalikuwa na wekundu kidogo kwenye mishipa. Nilimwita mke wangu aje aone. Alisema ni ukosefu wa mbolea. Mimi najua wekundu. Nilikuwa natoka asubuhi na kikombe cha chai, nafunua shuka, nakagua yale majani matatu moja moja, mgongo na tumbo.

Wiki ileile senene wakaingia.

Kwa msomaji wa mbali, senene ni panzi wa kijani au kahawia wanaokuja na mvua, wengi zaidi Novemba na Desemba, na sisi huku tunawala. Zamani wanawake walikuwa wakiwaokota alfajiri kwenye nyasi, wanawaletea waume zao, na mila iliwakataza wao wenyewe kuwaonja, jambo ambalo mama mkwe hulisimulia huku ananitazama mimi kana kwamba niliitunga. Siku hizi wanategwa kwa viwanda. Yule jirani wa bondeni, wa ua la nyuma ya choo, amesimamisha mabati yake yakiinamia mapipa, amechoma majani mabichi ili moshi uwalevye, na juu ya yote ametundika taa. Sisemi balbu. Ni taa ya uwanja wa mpira. Inawashwa jioni na kuzimwa kukipambazuka. Mkoa wetu kwa miaka mingi umekuwa ukipata umeme kutoka Uganda, na senene wengine huja kutoka hukohuko, kwa hiyo nadhani wanakutana pale kwake.

Usiku wa kwanza nilidhani pamekucha. Jogoo wangu naye alidhani hivyo, akawika saa sita, saa saba, saa nane, mpaka sauti ikamkauka. Nilisoma gazeti kitandani bila kuwasha taa, pamoja na matangazo ya vifo. Lile shuka la hospitali pale barazani lilikuwa linang'aa. Na la nyuma ya choo? Taa imeelekezwa upande wa kwangu, ambako uwanda uko wazi na senene wanatokea. Mgongo wa taa ndio unaokitazama choo. Kule ni giza totoro. Limeiva vibaya sana mwaka huu.

Yale majani yangu matatu yalirudi kijani polepole, kuanzia kwenye mishipa.

Jumuiya imepewa kupamba pango la mtoto Yesu, na mwenyekiti alipita Jumapili kutafuta maua mekundu. Kwangu hakusimama. Alinipungia mkono akiwa njiani, akateremka bondeni, akarudi amekumbatia kitawi changu kilichozaa vitawi kumi, amefurahi, anasema jirani yangu ana mkono wa maua. Nikasema ndiyo, ana mkono.

Jana jioni jirani mwenyewe akaja. Nilijua ni taa, na nilishapanga maneno yangu vizuri, ya kistaarabu lakini mazito. Akakaa, akasifia mvua, akauliza hali ya jogoo. Kisha akasema senene mwaka huu wanapita juu, wanakata kona usawa wa paa langu, na kama nisingejali angeomba atundike taa ya pili hapa barazani, waya anao, tutagawana umeme. Pale pale penye ndoo ya rangi panafaa, ndoo tu isogezwe kidogo.

Nikafungua mdomo. Mke wangu akajibu kutoka jikoni kwamba walishaongea tangu asubuhi, ni ndoo moja ya senene kila siku, na kunyonyoa mabawa ni juu yao.